Kamera Haijui Umemlenga Nani

Ukisimama ufukweni Kalundu, mjini Uvira mashariki ya Kongo, saa moja asubuhi ukamwelekezea kamera mvuvi anayekung'uta nyavu, jua limeshapanda juu ya milima ya Burundi na linakutazama wewe. Maji ya Ziwa Tanganyika yanalirudisha mara ya pili kutoka chini. Kati ya nuru hizo mbili yupo mtu mwenye ngozi nyeusi aliyelipa jua mgongo. Kamera ikiachwa iamue yenyewe, italeta ziwa lenye rangi zake zote na mvuvi asiye na macho wala mdomo. Watu husema kamera hiyo "haishiki sura". Wengine huiuza wakanunua ya bei kubwa zaidi, na mpya nayo huleta yaleyale. Kamera haina ubovu. Imefanya hesabu yake sawasawa, ila katika hesabu hiyo mvuvi hakupewa uzito wowote.

Kuendesha kamera kwa mkono, yaani kuzungusha lile gurudumu la juu hadi kwenye herufi M, ni kuichukua hesabu hiyo uifanye mwenyewe. Wengi wanaofundisha huanza na vitufe. Mimi naanza na mita ya mwanga, kwa sababu asiyejua mita inafikiri nini atazungusha vitufe mwaka mzima bila kujua anachokitafuta.

Mita iliyo ndani ya kamera hupima nuru inayorudi kutoka kwenye vitu. Haipimi nuru inayoviangukia. Kwa hiyo haina njia ya kutofautisha koti jeusi lililo juani na shuka jeupe lililo kivulini: vyote viwili vinaweza kurudisha nuru ileile. Ili wapate pa kuanzia, watengenezaji walikubaliana na dhana moja, kwamba ukichanganya vyeusi na vyeupe vyote vilivyo mbele ya lenzi utapata kijivu cha kati. Kadi ya kijivu wanayouziwa wapiga picha, ile inayorudisha asilimia 18 ya nuru, imetokana na dhana hiyo. Kamera za sasa zina akili zaidi. Hugawa picha vipande vingi, na nyingine hutafuta nyuso. Hata hivyo bado zinakisia, na msingi wa makisio ni kijivu kilekile.

Hakikisha mwenyewe nyumbani. Jaza picha nzima kwa shuka jeupe, piga kwa otomatiki. Kisha jaza kwa koti jeusi, piga tena. Utapata vijivu viwili vinavyofanana. Shuka limetiwa giza na koti limepaushwa, kwa kuwa mita haikuambiwa kipi ni shuka na kipi ni koti. Ukishaliona hilo kwa macho yako, nusu ya somo imekwisha.

Nusu iliyobaki ni mambo matatu yanayoamua nuru kiasi gani itaandikwa. Tundu la lenzi huandikwa kwa namba f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16. Namba hizo ni uwiano, ndiyo maana ndogo humaanisha tundu kubwa. Ukitoka moja kwenda inayofuata, nuru hupungua nusu. Kasi ya shata ni muda ambao sensa, yaani sehemu inayopokea nuru, inaachwa wazi: 1/60 ya sekunde, 1/125, 1/250, 1/500, na hapa pia kila hatua ni nusu ya iliyotangulia. Kisha ISO: 100, 200, 400, 800 na kuendelea. ISO haiongezi nuru hata chembe. Hukuza kilichokwisha kupokelewa, kama redio inayoshika stesheni ya mbali: ukiongeza sauti, mkwaruzo nao unaongezeka.

Kwa kuwa zote tatu huenda kwa hatua za mara mbili au nusu, zinaweza kubadilishana. Picha ya f/8 kwa 1/400 ina mwangaza sawa na ya f/5.6 kwa 1/800, na sawa na ya f/11 kwa 1/200. Picha zenyewe hazifanani. Tundu kubwa hufifisha kilicho nyuma ya mtu, dogo huleta mbele na nyuma vyote vikiwa wazi. Shata ya haraka hugandisha tone la maji linaloruka kutoka kwenye kasia, na ya polepole huligeuza kuwa mstari. Hapo ndipo penye uamuzi, na kamera haiwezi kukuamulia kwa sababu haijui kama umefuata kasia au umefuata sura ya mwenye kasia.

Anayeanza asizungushe vyote vitatu kwa pamoja. Funga ISO kwenye 100 ukiwa juani, funga tundu kwenye f/8, kisha cheza na shata peke yake mpaka vidole vizoee. Enzi za filamu, karatasi ya maelekezo iliyokuja na boksi ilikuwa na kanuni rahisi ambayo bado inafanya kazi: kwenye jua kali lisilo na wingu, weka f/16 na shata iwe moja gawanya kwa namba ya ISO. Kwa ISO 100 hiyo ni f/16 kwa 1/100, ambayo ni sawa na f/8 kwa 1/400. Kanuni hiyo hufuata nuru ya jua, haijali kama mbele yako kuna shuka au koti. Kwa hiyo ni kipimo bora kuliko mita, mradi jua lipo na limempiga unayempiga picha.

Sasa ngozi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya upigaji picha vinapita harakaharaka.

Kwa miongo mingi maabara za picha zilisahihisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyozoeleka kwa jina la "Shirley". Kilichoonekana sawa kwake kilihesabiwa kuwa sawa kwa wote. Lorna Roth, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Concordia nchini Kanada, aliifuatilia historia hiyo na mwaka 2009 akachapisha alichokipata kwa watu waliofanya kazi Kodak. Malalamiko yaliyosaidia kuisukuma kampuni ishughulikie rangi za kahawia na nyeusi hayakutoka kwa watu weusi. Yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wauzaji wa fanicha, ambao hawakuweza kuonyesha katika matangazo yao tofauti ya chokoleti moja na nyingine, au ya mbao moja na nyingine. Sensa za leo zinaona mbali zaidi kuliko filamu zile, ila dhana ya kijivu cha kati imebaki, na ngozi nyeusi iko chini ya kijivu hicho kwa hatua moja, wakati mwingine zaidi.

Hii ina matokeo mawili yanayopingana. Sura nyeusi ikiwa ndogo mbele ya ziwa linalong'aa, kamera hupunguza nuru na sura huzama. Sura hiyohiyo ikijaza picha nzima, kamera huongeza nuru ili ifikie kijivu, na mtu huonekana amepakwa vumbi. Ya kwanza hulalamikiwa. Ya pili husifiwa, na mwenye picha huambiwa ametoka "mweupe". Studio nyingi zimejenga biashara juu ya sifa hiyo, na simu sasa zinaifanya bila kuombwa. Mimi siipendi. Weusi wa ngozi si upungufu wa mwanga, na mpiga picha anayeufuta anaufuta pamoja na umbo la shavu, mstari wa paji la uso na ule mng'ao ambao ndio unaoifanya ngozi nyeusi ipendeze katika picha.

Dawa yake hubebwa na kila mtu. Nyosha kiganja chako kwenye nuru ileile inayomwangukia unayempiga picha, kielekee upande anaoelekea yeye, kisha ukijaze kwenye kioo cha kamera. Fokasi haijalishi kwa sasa. Kiganja cha mtu yeyote, awe Mbembe au Mbelgiji, ni cheupe kuliko kijivu cha kati kwa takriban hatua moja. Basi zungusha shata mpaka mshale wa mita usimame kwenye +1, halafu usiguse kitu tena. Uso utaangukia mahali pake pa kweli, shati jeupe litabaki jeupe, na hata ukimsogelea au ukirudi nyuma, hata ziwa likiingia au likitoka kwenye picha, mwangaza wa sura hautabadilika. Hili la mwisho ndilo linalowashangaza wanaoanza: katika otomatiki picha kumi za mtu mmoja mahali pamoja zinaweza kutoka na nyuso kumi.

Turudi kwa mvuvi wa Kalundu. Uso wake uko katika kivuli cha mwili wake, chini ya nuru ya jua kwa hatua tatu hivi, ambayo ni nuru moja ya nane. Ukiupima uso, ziwa nyuma yake litaungua na kuwa jeupe tupu. Ukilipima ziwa, uso utazama. Hakuna namba itakayookoa vyote viwili kikamilifu. Faili la RAW, yaani picha ghafi, litakupa nafasi ya kuvuta vivuli baadaye, ila nalo lina mwisho wake. Mara nyingi jibu liko miguuni. Mzunguke, uwe wewe ndiye unayelipa ziwa mgongo: jua litampiga usoni, na nyuma yake itasimama milima ya Mitumba ya kijani badala ya maji yanayowaka. Kama unalitaka ziwa, tumia flashi kumjaza nuru usoni, ukikumbuka kwamba kwa kamera nyingi shata haipaswi kuvuka 1/200 au 1/250 flashi inapowaka, la sivyo sehemu ya picha itakuwa na utepe mweusi. Au umwache awe kivuli kwa makusudi, lakini hapo umbo lake lazima lisomeke: kasia lionekane, mkono uachane na kiwiliwili.

Mji wa Uvira umebanwa kati ya ziwa na mlima. Maji yako mashariki, na magharibi Mitumba inapanda ghafla hadi zaidi ya mita 2000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko kwenye mita 770 na ushei. Umbo hilo linatengeneza ratiba ya nuru isiyopatikana Kigoma, ambako jua huzama majini. Uvira jua hutoka upande wa maji, na asubuhi mji mzima umewashwa kutoka mbele: nyumba zinazotazama ziwa, mitumbwi iliyovutwa mchangani, akina mama wanaosubiri samaki. Ni nuru ya chini, ya ubavuni, yenye joto. Mpiga picha anayelala mpaka saa tatu ameipoteza.

Mchana ni mgumu. Tuko takriban nyuzi tatu na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita husimama utosini kabisa. Macho yanakuwa mashimo, kofia inatupa kivuli hadi kidevuni. Usipambane nalo kwa namba. Mwingize mtu barazani, au chini ya mwembe karibu na ukingo wa kivuli, ageukie nje. Mchanga na maji vitamrudishia nuru laini kutoka mbele. Kutoka juani hadi kivuli cha namna hiyo ni hatua tatu: kama ulikuwa f/8 kwa 1/400 na ISO 100, nenda f/5.6 na ISO 400, shata ibaki pale pale. Kisha pima kiganja tena.

Jioni ndiyo inayowachanganya wageni. Jua huzama nyuma ya Mitumba mapema, kabla ya saa ya machweo iliyoandikwa kwenye simu. Kivuli cha mlima kinashuka juu ya mji na kuingia ziwani, huku ng'ambo Bujumbura na milima iliyo nyuma yake ikiwa bado na jua la dhahabu. Kamera iliyo kwenye otomatiki hapo huyumba: ukiielekeza juu kidogo inaona Burundi yenye jua, ukiishusha inaona ufukwe wenye kivuli, na kila picha ina mwangaza wake. Kwa M unaamua mara moja. Ukipima kwa milima ya ng'ambo, ufukwe unakuwa wa buluu nzito na watu ni maumbo. Ukipima kwa watu, milima inafifia kwa nyuma. Mimi hupenda njia ya katikati, hatua moja chini ya kipimo cha uso, kwa sababu jioni ni jioni na haina haja ya kufanana na saa nne asubuhi.

Kiangazi kina tabia yake. Kuanzia Juni hadi Septemba vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa milimani na bonde la Ruzizi hujaza hewa. Burundi hupotea kabisa, na jua linageuka sahani unayoweza kuitazama. Wanaotaka mandhari huchukia miezi hiyo. Kwa picha za watu ni zawadi, maana ukungu huo wa vumbi hulainisha nuru siku nzima. Mvua ya kwanza ikishaosha anga, ng'ambo huonekana kwa uwazi wa ajabu, na hapo ndipo f/8 au f/11 na lenzi ya kawaida vinapofaa.

Ndagala waliotandazwa kukauka ni mtihani mzuri wa mita. Ni samaki wadogo wenye ngozi ya fedha, na wakijaza picha kamera huwaona weupe mno, ikawapunguzia nuru. Matokeo ni ndagala wa rangi ya risasi, wasioliwa hata kwa macho. Ongeza hatua moja, hata moja na theluthi mbili, kisha tazama histogramu. Huo ni mchoro mdogo unaoonyesha giza upande wa kushoto na weupe upande wa kulia. Mchoro ukibanwa na ukuta wa kulia, kuna sehemu imeungua na haitarudi. Cheche chache za mng'ao wa magamba si neno. Samaki mzima akiungua, rudi theluthi moja. Usiamini kioo cha nyuma ukiwa juani. Kinaonekana cheusi wakati wa jua na kinang'aa mno usiku, kwa hiyo kinadanganya mara mbili kwa siku. Histogramu haijali uko wapi.

Pesa za wapiga picha wengi hazitoki ufukweni, hutoka ukumbini. Bibi harusi amevaa nguo nyeupe, bwana harusi suti nyeusi, wote wawili nyuso nyeusi, nyuma yao pazia la satini linalometameta. Ndicho kile kisa cha shuka na koti, tena vikiwa vimeshikana mikono. Otomatiki huongozwa na anayechukua nafasi kubwa zaidi: gauni likisogea mbele nyuso huzama, suti ikisogea mbele gauni huungua. Lakini ukumbi una faida moja ambayo ufukwe hauna: taa hazibadiliki. Pima kiganja mahali watakapokaa maharusi, funga, na utapiga saa mbili bila kugusa chochote isipokuwa fokasi. Hapa M si ufundi wa kujionyesha, ni njia ya kupumzika.

Taa zenyewe zina mtego. LED za bei rahisi kwenye umeme wa 50 Hz hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila shata ya 1/400 huona, na picha hutoka na mistari ya giza iliyokatiza nyuso. Weka shata kwenye 1/100 au 1/50 na mistari itapotea. Usiku wa jenereta mapigo hayo huyumba, basi jaribu kwanza picha chache kabla wageni hawajaingia. Rangi nayo ni kazi. Sherehe ikifanyika chini ya turubai la buluu, kila uso utakuwa wa buluu. Weka karatasi nyeupe mahali watu watakapokaa, ipige picha, kisha iambie kamera kwamba huo ndio weupe. Kamera nyingi zina mahali pa kufanya hivyo katika menyu ya mizani ya weupe. Pakiwa na taa ya njano upande mmoja na LED nyeupe upande wa pili, hakuna mizani itakayozipatanisha. Omba moja izimwe. Mpiga picha anayeona aibu kuomba taa izimwe atakesha kwenye kompyuta akisahihisha nyuso mbili za mtu mmoja.

Usiku wa ziwani ni jambo jingine. Uvuvi wa ndagala hufanyika kwa taa, zamani karabai, sasa nyingi ni LED za betri, na hufanyika wakati hakuna mwezi mkubwa, kwa sababu mbalamwezi huzifanya taa zisiwavute samaki. Kwa hiyo anayetaka ule mstari wa taa juu ya maji aangalie kalenda ya mwezi kwanza, kamera baadaye. Akiwa nchi kavu aanze mapema, wakati anga lina buluu kidogo bado. Machweo ya karibu na ikweta ni mafupi, na giza likikamilika taa zitakuwa nukta tu juu ya weusi. Kamera isimame kwenye miguu mitatu, f/5.6, ISO 400, sekunde mbili, kisha aongeze muda kadiri anga linavyofifia. Fokasi ya otomatiki itahangaika gizani. Izime, kuza taa moja kwenye kioo, zungusha lenzi mpaka iwe nukta ndogo kuliko zote. Ukivuka sekunde kumi, taa zitaanza kuandika mistari, maana mitumbwi haitulii.

Ndani ya mtumbwi hesabu inageuka. Taa ni moja, iko karibu, na nuru yake hupungua kwa mraba wa umbali: aliye mita mbili kutoka kwenye taa hupata robo tu ya anayopata aliye mita moja. Hizo ni hatua mbili kati ya watu wanaovuta wavu mmoja. Mita haitaliweza hilo, kwa sababu inaona taa yenyewe, inashtuka, inazima kila kitu. Ukiwa na lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8, ambayo ni ya bei nafuu kuliko lenzi nyingi, anza na ISO 3200, f/1.8, shata 1/125. Tazama uso wa aliye umbali wa kati. Aliye karibu na taa ataungua kidogo, aliye mbali atamezwa na giza, na taa iwe nje ya picha au ifichwe nyuma ya bega la mtu. Mkwaruzo wa ISO kubwa usikutishe. Picha yenye chembechembe hutazamwa, picha iliyotikisika hufutwa.

Anayetaka kuona nyuso za mashariki ya Kongo zilizopimwa kwa haki, atafute mkusanyiko wa "Congo in Conversation". Mwaka 2020 mpiga picha Finbarr O'Reilly alikuwa amepewa tuzo ya Carmignac ili aje kupiga picha Kongo. Korona ikafunga njia, kazi ikageuka ya pamoja na wapiga picha Wakongo wenyewe, miongoni mwao Arlette Bashizi, Moses Sawasawa na Raissa Karama Rwizibuka wa Bukavu. Zitazame picha zao ukijiuliza swali moja tu: walipima wapi?

Kuna matumizi mengine ya M ambayo hayana uhusiano na uzuri. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa iliijaza mito inayokatiza mji wa Uvira, Mulongwe mmojawapo, ikaua makumi ya watu na kuwaacha maelfu bila nyumba. Mwaka 2024 ziwa lenyewe likapanda likaingia mitaani. Baada ya maafa hayo simu za watu zilijaa picha, nyingi za kuhuzunisha na chache za kutumika. Nasema za kutumika kwa maana ya kulinganisha: maji yalifika wapi kwenye ukuta huu mwezi Aprili, na wapi mwezi Juni? Picha mbili za otomatiki haziwezi kusema vizuri. Moja imepanuliwa, nyingine imevutwa, moja ina giza, nyingine imepauka, na alama ya matope inaonekana katika moja tu. Chagua mahali pa kusimama panapojulikana, kona ya ukuta au nguzo. Tumia urefu uleule wa lenzi, f/8, nuru ya saa ileile, mizani ya weupe iliyofungwa. Weka rula au chupa ya lita moja ukutani ili kipimo kionekane. Kabla ya yote rekebisha saa na tarehe ya kamera, kwa sababu faili huandika tarehe hiyo ndani yake na kesho mtu ataibishia. Bandari, mpaka wa Kavimvira na penye askari si mahali pa kujifunzia haya. Kuta za mitaa yetu zinatosha.

Baada ya kuisifu M kiasi hiki, lazima niseme pia kwamba si dini. Watoto wakicheza mpira siku ya mawingu yanayopita mbele ya jua, nuru hubadilika hatua mbili kwa dakika, na anayezungusha shata kwa mkono atakosa bao akirekebisha namba. Hapo chagua tundu na shata mwenyewe, uiachie kamera ISO, kisha tumia kitufe cha fidia ya mwanga, chenye alama za kujumlisha na kutoa, kuiambia iongeze au ipunguze. Ziwa likiwa nyuma yao, jumlisha moja. Ukuta mweusi ukiwa nyuma yao, toa moja. Fokasi karibu daima naiacha kwa kamera mchana, kwa kuwa inaniwahi. Na kamera ya mtumba ya miaka kumi iliyopita inatosha kwa karibu yote niliyoyataja, pamoja na lenzi moja ya milimita 50 na betri ya akiba iliyochajiwa umeme ulipokuwepo.